Stika ya kuzuia mionzi ya simu, nimeijaribu wiki mbili hapa Mtwara

Naandika hii kwa ajili ya mama mdogo wangu na kwa yeyote aliyeuziwa zile stika ndogo za rangi ya dhahabu zinazobandikwa nyuma ya simu, maana sasa hivi hapa Mtwara zimejaa, utazikuta sokoni, utazikuta stendi, na kuna vijana wanazitembeza mpaka majumbani na begi mgongoni, anapiga hodi anakwambia mama simu yako inakumaliza taratibu. Bei yake elfu 12, ukichukua mbili anakuachia kwa elfu 20. Mama mdogo alichukua mbili, moja yake na moja yangu.

Nianze na sababu iliyomfanya anunue maana ndo kiini cha yote. Mama mdogo aliugua kansa ya shingo ya kizazi, tukampeleka Dar pale Ocean Road, akapigwa mionzi wiki kadhaa, akarudi, na tunamshukuru Mungu anaendelea vizuri, kliniki anahudhuria na majibu yanaridhisha. Lakini aliporudi mtaani watu wakamjaza maneno, eti aliyepigwa mionzi asipakate watoto wadogo, mionzi inabaki mwilini, mionzi inaambukiza. Tangu hapo mjukuu wake hamuweki mapajani. Anamchezesha kwa mbali, mtoto akimkimbilia anamwita mama yake aje amchukue. Sisi nyumbani tulidhani ni uchovu wa ugonjwa tu, hamna aliyejua kwamba mtu mzima anaumia kimoyomoyo anaogopa kumdhuru mjukuu.

Sasa yule kijana wa stika alipofika barazani akalitamka neno lile lile, mionzi. Akamwambia mama, mionzi ya simu ni ile ile wanayopigwa watu hospitali, tofauti hii unalala nayo. Mama mdogo hakuuliza la pili, akafungua kibindo akatoa hela aliyobakiza kwenye ufuta. Jioni nilipoenda kumsalimia akanipa yangu, akasema "mwanangu bandika, wewe simu unaishika kutwa." Nikaipokea, nikabandika pale pale mbele yake, alafu nikaanza kuichunguza.

Kwa muonekano ni kijimraba kama ukucha wa kidole gumba, juu kuna michoro ya duara kama chipu ya laini, pakiti imeandikwa kizungu na kichina. Inaahidi mambo matatu, inazuia mionzi asilimia 99, inafanya chaji idumu, na inatoa "aioni hasi" zinazosafisha mwili. Gundi yake ni kali kweli, hilo nalikubali, haibanduki kwa jasho wala kwa vumbi.

Jaribio la kwanza. Simu za Android ukiingia kwenye mpangilio, sehemu ya kuhusu simu, kwenye hali ya laini utaona nguvu ya netiwaki imeandikwa kwa namba, kitu kama hasi 87 hivi, na kadiri namba inavyokwenda hasi zaidi ndo netiwaki inazidi kuwa dhaifu. Nilikaa sehemu moja, kwenye benchi nyumbani Shangani, nikasoma mara kumi bila stika na mara kumi na stika, simu ikiwa imelala vile vile. Bila stika ilikuwa inacheza kati ya hasi 86 na hasi 89. Na stika, kati ya hasi 86 na hasi 89. Hapo kwangu kesi ilikuwa imeshaanza kuisha, kwa sababu mionzi ya simu ndo netiwaki yenyewe, hakuna mionzi pembeni na netiwaki pembeni, ni kitu kimoja. Kitu kikizuia asilimia 99 ya mionzi lazima ile namba ianguke sana na maongezi yaanze kukatika katika. Haikuanguka hata kidogo.

Jaribio la pili nilichukua karatasi ya foili ile ya kuchomea samaki nikaizungushia simu mara tatu, nikakunja pembe vizuri, nikaipigia na simu nyingine. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Hivi ndivyo kitu kinachozuia mionzi ya simu kinavyofanya kazi, kinaiua simu. Alafu nikaweka simu kwenye sufuria na mfuniko juu nikapiga, ikaita kama kawaida, maana mfuniko haukai sawasawa, kuna upenyo unazunguka mdomo wa sufuria na wimbi linapita pale. Yaani sufuria nzima ya alminiamu inashindwa kwa sababu ya upenyo, seuze kijimraba cha ukucha kilichobandikwa upande mmoja wakati simu inatoa mawimbi pande zote. Ni kuziba mlango kwa kisoda.

Nikaenda kwa fundi simu wangu, akaweka nyaya za mita juu ya stika kuona kama inapitisha umeme, haikupitisha popote. Tukaichana. Ndani ni plastiki na karatasi, dhahabu yote ni rangi. Mawimbi ya redio yanazuiwa na kitu kinachopitisha umeme, chuma, shaba, alminiamu, ndo maana foili ilifanya kazi. Plastiki kwake ni kama haipo. Kuhusu chaji nimeangalia wiki mbili (nilibandika ya ziada aliyonipa fundi, na yeye aliletewa na mteja), sijaona tofauti yoyote, asubuhi mia, saa mbili usiku kumi na kitu, kama siku zote.

Ningeishia hapa, bidhaa haifanyi kazi, msinunue. Lakini nilipomrudia mama mdogo na majibu aliniuliza swali lililonifanya nikae kitako. Akasema, "Sawa mwanangu, stika haizuii. Kwa hiyo mionzi bado inanipata?" Nikaona nimemtoa hofu ya stika nimemuachia hofu yenyewe. Kwa hiyo hapa chini naandika nilivyomueleza, nikijazia na namba, maana naona ndo kitu stika ilitakiwa ije nacho kwenye pakiti.

Kiswahili chetu kimelibebesha neno mionzi mzigo mkubwa sana. Mionzi ya jua, mionzi ya simu, mionzi ya eksirei, kupigwa mionzi ya kansa, vyote neno moja. Mpaka utrasaundi ya wajawazito watu wanaita mionzi wakati ile ni sauti, sauti nyembamba ambayo sikio halisikii, haimo kwenye ukoo huu kabisa. Na muuza stika anaishi hapo hapo, anachukua hofu ya mionzi ya hospitali anaipaka kwenye simu, na hadanganyi neno, neno ni lile lile kweli.

Na ukoo ni mmoja, hilo tusimnyime. Mawimbi ya redio, ya simu, joto la jiko la mkaa, mwanga tunaoona, mionzi ya UV ya jua, eksirei na gama, vyote ni kitu kimoja kwa asili, umeme na sumaku vinavyosafiri pamoja kwa mwendo wa karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Tofauti ni urefu wa wimbi. Redio ya FM wimbi lake lina kama mita 3, ukuta hadi ukuta wa chumba cha kupanga. Redio zile za zamani za masafa ya kati wimbi moja linaweza kuwa mita 300, viwanja vitatu vya mpira. Simu kwenye megahezi 900 ni sentimita 33, ile rula ya mwanafunzi na kidogo juu yake. Waifai ni sentimita 12 na nusu. Alafu unashuka mpaka joto, mpaka mwanga ambao hauhesabiki kwa sentimita tena, mwekundu ni kama nanomita 700 na zambarau kama 400, na nanomita moja ni milimita umeigawa vipande milioni. UV ni fupi zaidi ya hapo, eksirei fupi zaidi, gama ndo ya mwisho.

Sasa kwa nini ufupi una maana? Hapa nilimpa mfano wa korosho maana amebangua korosho maisha yake yote. Chukua korosho ghafi iweke chini, alafu irushie punje za mchele. Rusha punje moja, rusha gunia zima, ganda halipasuki. Punje moja haina nguvu ya kupasua na punje hazijumlishi nguvu zao kwenye pigo moja. Lakini jiwe moja la kiganjani, pigo moja, ganda limefunguka. Mionzi inakuja kwa punje hivo hivo, na kadiri wimbi linavyokuwa fupi ndo kila punje inakuwa nzito. Punje ya simu ni nyepesi kiasi kwamba punje moja ya mwanga wa kijani, huu mwanga wa kawaida unaotoka kwenye majani ya mwembe, inaishinda kwa zaidi ya mara 500,000. Kupasua molekuli, kung'oa elektroni, kuharibu mbegu ya seli ambako ndo kansa inaanzia, kunataka jiwe. Mawe yanaanzia kwenye UV, ile kali inaanza kujeruhi, alafu eksirei na gama ndo mawe yenyewe. Gama ya kobalti inayotumika kutibu kansa, punje yake moja inaizidi punje ya simu zaidi ya mara bilioni 300. Nilipomtajia hiyo namba alikaa kimya kidogo akasema "basi yule kijana kanilinganishia chembe ya mchanga na mlima." Nikamwambia mama umeshaelewa.

Kuna watu watasema mbona mikrowevu inaivisha nyama na wimbi lake ni karibu sawa na la waifai. Ni kweli, ni gigahezi 2.45, sentimita 12. Lakini pale ni gunia limemwagwa, wati 700 mpaka 1,000 ndani ya boksi la chuma lililofungwa, mchele ukiwa mwingi hivo haupasui ganda ila unalipasha joto. Simu kwenye 2G inaweza kugusa wati 2 kwa vipindi vifupi vifupi, wastani wake robo wati, na 4G ni huko huko chini. Joto hilo dogo ndo athari pekee iliyothibitika, na viwango vya kimataifa vimewekwa kwa kuliangalia hilo, simu nyingi ukibonyeza nyota reli 07 reli itakuonyesha kiwango chake, kikomo cha Ulaya ni wati 2 kwa kila kilo ya mwili. Na kwa uadilifu niseme pia kwamba shirika la utafiti wa kansa la WHO mwaka 2011 liliyaweka mawimbi ya simu kwenye kundi la "huenda", yaani ushahidi ni mdogo na haujafunga mlango. Anayetaka tahadhari ya bure aweke spika au avae earphone, simu ikae mbali na kichwa, na aepuke maongezi marefu sehemu yenye mstari mmoja wa netiwaki maana huko simu inapandisha nguvu ili ifike mnarani. Wamarekani, tume yao ya biashara, FTC, walishaonya kabisa kwamba hivi vizuizi vya kubandika vikiweza hata kuingilia kidogo vitafanya simu ihangaike zaidi na itoe zaidi.

Ule mlango wa mikrowevu nao una somo zuri. Kioo chake kina wavu wa chuma wenye vitundu, na unaona chakula ndani. Mwanga unatoka, mikrowevu haitoki. Wavuvi wa Mikindani na Msanga Mkuu hapa hawahitaji maelezo, ni jarife na dagaa, jarife linakamata papa na dagaa anapita kama hakuna kitu. Wimbi la sentimita 12 halipiti kwenye kitundu cha milimita moja, mwanga wa nanomita mia tano unapita bila kujigusa. Kwa hiyo kila aina ya mionzi ina ngao yake. Redio na simu ngao ni chuma kilichozunguka pande zote. Joto la jiko ngao ni hata ukuta wa udongo. Mwanga ngao ni kitambaa. Na gama ya kobalti, hata madini ya risasi, yale mazito, ukiweka unene wa sentimita 1.2 unapunguza nusu tu, nusu nyingine inapita, ndo maana vile vyumba vya tiba vina kuta za zege nene ajabu. Sasa stika moja ya plastiki inayosema inazuia "mionzi", uliza kwanza mionzi gani, maana hakuna kitu cha ukubwa wa ukucha kinachozuia yoyote kati ya hizo.

Nikamuonyesha na kitu kimoja ambacho mtu yeyote anaweza kufanya nyumbani. Chukua rimoti ya tivii, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu, ile ya selfi, bonyeza kitufe uangalie kwenye skrini. Utaona kitaa kinawaka cheupe au cha zambarau, ukitoa macho kwenye simu ukaiangalia rimoti yenyewe haiwaki. Hiyo ni infraredi, iko pembeni tu ya wekundu, macho yetu hayaioni. Aliyeigundua ni William Herschel mwaka 1800, alipitisha mwanga wa jua kwenye kioo ukajitandaza rangi kama upinde wa mvua, akaweka kipimajoto nje ya nyekundu pasipo na rangi yoyote, akakuta joto limezidi. Mwaka uliofuata Johann Ritter akaenda upande wa pili, nje ya zambarau, akakuta kemikali za fedha zinakuwa nyeusi haraka zaidi pale pasipo na kitu cha kuonekana. Hiyo ndo UV. Mama mdogo aliipenda hii ya rimoti kuliko namba zote, akaniambia nirudie mara tatu akamwita na jirani.

Na hapa kwenye UV ndo nataka watu wa Mtwara na Lindi mnisikilize kweli kweli. Mnatoa elfu 20 kuogopa simu wakati mionzi iliyothibitika inaleta kansa ya ngozi inatumwagikia bure kila siku. Lile shirika lililoweka simu kwenye "huenda", jua wameliweka kundi la kwanza, limethibitika, halina mjadala. Sisi tuko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili na tena mwezi wa kumi, na mwezi wa kumi watu wako wapi? Shambani wanaokota korosho. Mchana simama uangalie kivuli chako, kikiwa kifupi kuliko wewe ujue UV ni kali, na Oktoba saa sita kivuli kinakaa chini ya nyayo. Wingu jepesi halikukingi sana, UV inapita, ndo maana siku ya mawingu mtu anarudi kutoka baharini kaungua. Wavuvi na akina mama wa mashamba ya chumvi wanapata ya juu na ya kurudi chini, maji yanarudisha kiasi na chumvi nyeupe inarudisha zaidi. Macho yanalipa, mtoto wa jicho, na kile kinyama kinachoota kutoka pembeni kuelekea kwenye mboni, waangalieni wazee wetu wa pwani.

Weusi wetu unasaidia ngozi, hiyo ni kinga ya kweli, lakini hausaidii jicho, na ndugu zetu wenye ualbino hawana hiyo kinga hata kidogo. Kwao jua la saa sita hapa kwetu ni hatari ya maisha, kansa ya ngozi inawachukua wakiwa vijana. Mafuta ya kuwakinga yanatengenezwa hapa hapa nchini, Moshi, KCMC, yanaitwa Kilisun. Kama una mtoto mwenye ualbino au jirani, ulizeni hospitali ya mkoa, mvalisheni mikono mirefu na kofia pana, mwombeni mwalimu asimpange paredi ya juani. Mi hili linaniuma kuliko stika.

Kwa hiyo kwa vile nilishaanza, nikachukua na miwani ya jua mbili sokoni kulinganisha, moja ya elfu 3 isiyo na maandishi na nyingine ya elfu 8 iliyoandikwa UV400, maana yake inazuia mpaka nanomita 400, yaani UV yote. Kuipima ni rahisi, tafuta mtu wa duka mwenye tochi ya kukagulia noti bandia, ile ya mwanga wa zambarau. Mulika noti halali utaona alama zinang'aa, alafu weka kioo cha miwani kati ya tochi na noti. Ya elfu 8 mng'ao ulikufa kabisa. Ya elfu 3 ulipungua tu, alama bado zinaonekana. Na miwani nyeusi isiyo na kinga ni mbaya kuliko kutovaa, maana giza linaifungua mboni ipokee zaidi. Tochi msimulike machoni tafadhali, hasa watoto.

Nirudi kwenye stika, kuna jambo moja la mwisho na hili ni zito. Lile neno la aioni hasi. Mwezi Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia na mionzi ya Uholanzi ilitangaza kwamba imepima bidhaa 10 za aina hii, mikufu, bangili, kitambaa cha macho cha kulalia, zilizouzwa kama kinga ya 5G, ikakuta zina madini yanayotoa mionzi ya kweli, ile ya mawe, na ikawaambia watu waache kuzivaa. Yaani mtu anavaa jiwe shingoni ili ajikinge na mchele. Sisemi stika hii iko hivo, ila mi kitu kilichoandikwa hivo sikiachi kwenye mikono ya mtoto wala sikilazi chini ya mto, na kwa bidhaa zinazotiliwa shaka wenye vipimo hapa nchini ni Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, hao hao wanaosimamia mashine za eksirei.

Na eksirei nazo watu wasizikimbie daktari akisema. Picha moja ya kifua ni kama milisiveti 0.1 (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoupata mwili), ardhi na anga vinakupa kiasi hicho kwa kama wiki mbili bila kwenda popote. Siti skani ya kifua ni nzito, kama 7, ndo maana hawakuandikii ovyo. Ila kukataa picha ya kifua wakati una kikohozi cha miezi ni kujiumiza.

Tulibaki na swali lake kubwa, lile ambalo hakuliuliza kwa mdomo. Nikamwambia mama mdogo, ile mashine ya Dar ilikuwa kama koroboi. Ikiwashwa mwanga unakupiga, ikizimwa ukuta haubaki na mwanga. Iliyokutibu ilipita, ikafanya kazi yake kwenye uvimbe, ikaisha sekunde ile ile mashine ilipozimwa. Hata ile waliyoingiza ndani waliitoa yote kabla hujashuka kitandani. (Wapo wagonjwa wa goita wanaonyweshwa dawa yenye mionzi, hao daktari anawaambia wakae mbali na watoto siku kadhaa, na wanaambiwa wazi.) Akaniangalia muda mrefu. Hakusema ndiyo, akasema atamuuliza daktari kliniki, na kiukweli nilifurahi, aulize mwenye kazi yake. Aliuliza, akaambiwa hivo hivo.

Jumapili iliyopita nimemkuta barazani mjukuu kamlalia mapajani kasinzia, mama mdogo anaongea na dada kwa spika, mkono mmoja unampepea mtoto kwa ukili.

Kwa anayetaka namba, stika naipa 0 kwa 5 kwa kila kilichoandikwa kwenye pakiti. Elfu 20 hiyo hiyo inakutosha miwani ya UV400 ya elfu 8, kofia pana ya ukindu, na chenji ya nauli ya kurudi. Yangu nimeibandua, imeacha doa la gundi kwenye kava halitoki hata kwa mafuta ya taa. Ya mama mdogo bado ipo, amesema kaitolea hela ataibandua mwenyewe akitaka, ila yule kijana akipita tena kaniahidi atanipigia kabla hajamkaribisha.